Barua Niliyomletea Kaka

Sehemu ya sita

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilivyotoka kwa mume na mkoba mmoja begani, nilivyofukuzwa kiwanda cha sabuni kwa kosa la mwenzangu, na jinsi kaka yangu alivyonifungulia mlango bila kuniuliza swali hata moja. Kama leo ndiyo kwanza unanisoma, hayo yanakutosha. Ongeza hili tu: kaka ndiye baba yangu na ndiye mama yangu tangu nikiwa darasa la tatu. Alichokuwa nacho alinipa, na ambacho hakuwa nacho alikwenda kukitafuta.

Leo nasema nilivyomlipa.

Kaka alikuwa kibarua wa posta. Miaka tisa, kibarua. Kazi yake kuchambua barua. Anasimama mbele ya ukuta wa vishubaka, barua zinaruka kutoka mkononi mwake, kila moja inaingia kwenye mtaa wake, wala hatazami. Wenzake walimwita Vidole. Kila miezi mitatu alitia saini mkataba mpya, na kila miezi mitatu alirudi nyumbani akasema, "Haya, tumeongezewa uhai."

Mimi nilikuwa napika chai ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Ofisi ile ilikuwa ya Umoja wa Watumaji, yaani wenye magazeti, wauza mbegu, watu wa bima, wauza vitabu, wote wale wanaoijazia posta magunia kila wiki. Mkurugenzi wao tulimwita Bwana Tamko, kwa siri, maana hapakutokea jambo duniani asilolitolea tamko. Karatasi ikipanda bei, tamko. Mvua ikichelewesha magari, tamko.

"Huyu hata mkewe akimnunia," karani wake aliniambia siku moja, "anaita waandishi wa habari."

Karani huyo alikuwa mama mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Kosa si lake. Nalisema mapema asije akalaumiwa.

Wiki ile chama cha wafanyakazi wa posta na wakubwa wa shirika walikuwa wamejifungia wakijadili mkataba mpya. Wiki ya sita hiyo, na mwisho wao ulikuwa Ijumaa. Neno lililowakwamisha lilikuwa moja: vibarua waajiriwe moja kwa moja, au waondolewe? Kaka alilala na neno hilo na akaamka nalo.

Umoja haukutaka waajiriwe. Wakiajiriwa, walisema, stempu itapanda, na stempu ikipanda watahamishia mizigo yao kwingine.

Kwa hiyo nilikuwa nawapikia chai watu wasiomtaka kaka yangu. Wifi yangu hakuniachia hilo lipite.

"Ewe wifi wa ofisini," aliniambia Jumatatu, anasugua sufuria. "Hao wanaotaka kumtoa mume wangu kazini, sukari wanaweka vijiko vingapi?"

"Wifi, mimi napika chai tu."

"Ndiyo. Na masikio yako nayo yanapika chai?"

"Mwache mwenzio," kaka akasema.

"Kwani nimempiga? Nauliza. Mtu anashinda mle kutwa, anarudi hana hata neno la kutuonjesha. Ningekuwa mimi ningeshajua mpaka saizi ya viatu vyao."

Kaka alicheka. Mimi nilicheka kwa meno. Neno lile lilishuka likakaa, na lilipokaa likaanza kuchimba.

Kesho yake, Jumanne, karani akaniita.

"Dada, mikono yako mikavu? Njoo unisaidie kukunja."

Palikuwa na boksi la barua mezani, mia nne, zina harufu ya wino. Akanionyesha: kunja mara tatu, tia kwenye bahasha, mdomo wa bahasha uache wazi.

"Nisizifunge?"

"Usifunge. Zinangoja siku yake."

Simu ikalia chumba cha pili, akaenda.

Nimeishia darasa la saba, lakini kusoma najua. Nasoma polepole, kidole chini ya mstari. Nilikunja ya kwanza, ya pili, ya kumi. Ya kumi na moja nikaisoma.

"Umoja wa Watumaji unayapokea kwa furaha makubaliano yaliyotiwa saini leo kati ya shirika la posta na chama cha wafanyakazi. Tunapongeza hasa hatua ya kuziondoa ajira zote za muda katika vyumba vya kuchambulia ifikapo mwisho wa mwezi huu."

Chini saini ya Bwana Tamko, na muhuri. Juu tarehe. Tarehe ya Ijumaa.

Na leo ni Jumanne!

Nikakaa chini. Nikawaza kwa akili yangu niliyopewa. Mtu hapongezi jambo ambalo halijawa. Hata mtoto hapewi hongera yake akiwa bado tumboni. Basi limekwisha, nikasema. Wamekwisha kubaliana kimyakimya, wamewauza vibarua, wanangoja Ijumaa watangaze.

Naapa, ofisi ile sikuwahi kutoka na hata punje ya sukari. Siku ile nilitoka na barua, imekunjwa mara tatu kama nilivyofundishwa.

Nyumbani sikungoja chakula kiive. Nikampa kaka.

Aliipokea kama anavyopokea barua yenye anwani isiyosomeka. Akaigeuza. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaupapasa muhuri kwa kidole gumba.

"Umeitoa wapi?"

"Ofisini. Ziko mia nne."

"Mia nne," akarudia.

Wifi akamnyang'anya, akasoma, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kisha akanishika mkono.

"Nisamehe," akasema. "Kumbe una masikio."

Mnajua nilifurahi? Ndiyo. Mwenzenu nilifurahi. Kaka yangu amekaa na kifo cha kazi yake mkononi, na mimi ndani ya moyo nasema, leo nimefaa.

Jumatano asubuhi vibarua sitini hawakuingia kazini. Kaka alisimama na barua ile getini, akawasomea mara tatu. Walikaa chini nje ya geti la mizigo, juu ya magunia matupu, na ndani barua zikaanza kulundikana mpaka kwenye ngazi.

Kiongozi wa chama, mtu waliyemwita Kipaza kwa ukubwa wa sauti yake, akatoka mkutanoni akaja mbio.

"Jamani, hakuna makubaliano! Bado tunajadiliana! Rudini ndani, mnanikata miguu!"

"Hakuna?" kaka akamwonyesha. "Na hii saini ya nani?"

Kipaza akaisoma. Akaigeuza nyuma na mbele. Hakuwa na jibu, maana hakuwahi kuiona. Wao wakaona kanyamaza kwa sababu kashikwa.

"Umekula na nani, Kipaza?" mmoja akapiga kelele.

Wakamzomea mpaka akarudi ndani.

Alhamisi nikafika ofisini, nikakuta maboksi mengine mawili mezani. Karani ananisubiri na bahasha.

"Zimefika zilizobaki. Tukunje hizi nazo."

"Kwani zile za juzi hazikutosha?"

"Zile ni moja. Hizi ni ya pili na ya tatu."

"Ya pili na ya tatu ya nini, mama?"

Akanitazama kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo. "Mwanangu, sisi huandika tatu. Hii ya kwanza, ikiwa vibarua wataondolewa: tunapongeza. Ya pili, ikiwa wataajiriwa: tunasikitika. Ya tatu, wakishindwa kuelewana kabisa: tunatoa wito. Siku ikifika inakwenda moja, mbili nachoma. Bwana Tamko hawezi kungoja habari ndipo aandike, magazeti yatamtangulia."

"Kwa hiyo ile..."

"Ile ni ndoto yake tu. Ndiyo maana akaanza nayo."

Birika lilikuwa linachemka nyuma yangu. Nalisikia, siwezi kugeuka kulizima.

"Vipi, umepata homa?" karani akauliza.

Hapa ndipo palipo na dhambi yangu, wasomaji wangu. Ya Jumanne ilikuwa ujinga, na mjinga akierevuka husamehewa. Lakini Alhamisi nilikwisha kujua.

Nilirudi nyumbani nimeshika maneno yangu mdomoni kama maji. Nitasema nikifika, nitasema nikivua viatu. Nikakuta mlango umejaa watu. Vibarua saba, wanane, wengine na wake zao. Kaka katikati. Ananyoosha mkono anasema na wanasikiliza. Kaka yangu! Mtu ambaye miaka tisa akiulizwa jina lake kazini anataja namba.

Akaniona.

"Huyu hapa!" akasema. "Bila huyu tungechinjwa Ijumaa tumelala."

Wakanipigia makofi. Mzee mmoja akanipa kiti chake.

"Kaka, nina neno," nikasema.

"Baadaye, mdogo wangu. Kaa kwanza, umesimama kutwa."

Baadaye, walipotawanyika, alikaa kizingitini akivua soksi. Akasema, hata haniambii mimi, anaiambia soksi: "Miaka tisa. Leo ndiyo kwanza nimesema kitu watu wakasikia."

Nikanyamaza.

Nikajiambia mkutano huenda ukavunjika, na ukivunjika yote ni mamoja. Nikajiambia huenda ndoto ya Bwana Tamko ikawa kweli. Mniamini, nilikaa nikiombea vibarua waondolewe, ili niwe nilisema kweli.

Ijumaa saa tano na robo simu ya Bwana Tamko ililia. Alisikiliza kidogo. Akaweka mkono wa simu chini taratibu, kisha akapiga kelele zilizotikisa vikombe.

"Ile ya pili! Leteni ile ya pili!"

Karani alikwenda kwake akasikia habari yote, akarudi akavuta boksi la pili.

Nilishika ukingo wa meza. "Mama, wamekubaliana nini?"

"Wamewachukua wote," akasema, anahesabu bahasha kwa midomo. "Kila kibarua aliyeko kwenye daftari la mahudhurio leo saa sita anaajiriwa moja kwa moja. Asiyekuwepo amejiondoa mwenyewe. Wewe! Unavua aproni unakwenda wapi? Wageni wanakuja, chai iko wapi?"

"Iko kwenye chupa."

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka kiatu kimoja kilikatika mkanda, nikavua vyote viwili nikavishika.

Saa sita kasoro robo nilifika geti la mizigo. Vibarua wote sitini nje. Kipaza yuko ndani, ameshika vyuma vya geti kama mfungwa, na sauti yake ile imekwisha, imebaki mkwaruzo.

"Wamesaini! Mmeajiriwa, watu wangu! Ingieni mtie saini! Nawaomba!"

"Tamko letu linasema vingine," mmoja akajibu, wakacheka.

"Anatuita tuingie atufungie ndani tuchambue barua, huyo."

Nyuma ya Kipaza meza imewekwa, na msimamizi amekaa na daftari. Juu yake saa ya ukutani, kubwa, ya posta.

Nikapenya mpaka kwa kaka. Nikamshika shati.

"Kaka, anasema kweli. Ingia. Ingia sasa hivi."

"Umetoroka kazini?"

"Barua ile si habari. Wanaandika tatu! Moja ya wakiondolewa, moja ya wakiajiriwa, moja ya wakigombana. Zote wanaziandika kabla. Nilikuletea moja. Ya pili ndiyo inayotumwa sasa hivi, nimeiona kwa macho yangu."

Aliyekuwa karibu akasikia. "Eti nini? Tatu?"

"Kesho atatuambia nne."

"Nani anaandika majibu kabla hajaulizwa?" mwanamke mmoja akasema. "Hata mimi nisiyesoma sidanganyiki hivyo. Vidole, dada yako wamemlainisha. Si anakula kwao?"

Kaka alikuwa ananitazama mimi tu.

"Umejua lini?"

Ningeweza kusema leo. Neno moja tu hilo, na lingekuwa jepesi.

"Jana," nikasema.

"Jana saa ngapi?"

"Jana asubuhi."

"Kabla ya makofi."

"Kabla ya makofi, kaka."

Hakunipiga. Hakunitukana. Wenye kaka zao wananielewa nikisema ningeona afadhali anipige. Alipangusa uso kwa kiganja, akageuka, akatazama watu wake sitini, halafu ile saa.

"Ingia wewe basi," nikamwambia kwa kunong'ona. "Wewe peke yako. Wengine wakikuona watafuata."

"Nimewatoa mimi. Nitaingia nikiwaacha nje?"

"Una watoto."

"Nao wana watoto."

Kisha akainua mkono, kama jana. "Jamani! Jamani, nisikilizeni. Ile barua—"

"Kaa chini, Vidole!"

"Nasema ile barua nilikosea. Dada yangu—"

"Dada yako, dada yako! Umepewa ngapi wewe?"

"Jana simba, leo dada kamwosha akawa paka!"

Wakacheka. Watu walewale waliotupigia makofi jana. Akafungua mdomo mara ya tatu, sauti ikamezwa na kelele, na nikauona mkono wake ukishuka wenyewe, kidogo kidogo, kama bendera isiyo na upepo.

Ndani msimamizi akagonga meza kwa rula. Saa sita kasoro dakika sita.

"Nasoma kwa mara ya mwisho!" akasema. "Kila namba mara tatu. Anayeitika aje atie saini. Asiyeitika tumemalizana. Namba moja!"

Mtu akapiga mluzi.

"Namba mbili!"

Alisoma haraka haraka. Bibi mmoja mfagiaji, namba tisa, aliinuka kwenye gunia lake bila kumtazama mtu, akajipangusa, akaenda. Walimzomea mpaka alipovuka geti. Hakugeuka. Nilimwona akitia saini. Baada yake hakuinuka mwingine.

Namba kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini.

Kaka alikuwa ishirini na nne. Naijua kwa sababu imeshonwa kwenye fulana yake ya kazi, na mimi ndiye niliyeishona.

"Namba ishirini na nne!"

Kaka amesimama. Macho yako kwenye vishubaka, vinaonekana kwa mbali kupitia mlango wa ndani, vimejaa hadi vinamwaga.

"Ishirini na nne, mara ya pili!"

"Kaka," nikasema.

Watu waliokuwa karibu walisogea wakamzunguka, bega kwa bega, si kwa ubaya, kama watu wanaomzuia mwenzao asianguke.

"Ishirini na nne, mara ya tatu na ya mwisho!"

Msimamizi akaishusha kalamu ili aikate ile namba.

"Yupo!"

Ilikuwa sauti yangu. Ilitoka kubwa kuliko nilivyodhani ninayo, na kila kichwa kikageuka. Hawakunitazama mimi. Walimtazama yeye.

"Yupo?" msimamizi akainua macho. "Basi apite. Mfungulieni."

Geti likasogea, likaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Kumbe!" mtu akasema, taratibu kabisa. "Kumbe ndivyo mlivyopanga, wewe na dada yako. Sisi tubaki, wewe uitikiwe."

"Sikuitika mimi," kaka akasema.

"Namba ya nani iliyoitikiwa? Ya kwangu?"

Mkono ukamshika kola. Mwingine ukamshika mkono, ule wa kulia, wa kuchambulia. Fulana niliyoishona mwenyewe nikaisikia ikichanika. Msimamizi ameshika kalamu hewani, Kipaza ananyoosha mkono wake nje ya geti, anasema njoo, njoo, na kaka yangu wala hasogei mbele wala hajitoi. Alikuwa amenikazia macho, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa darasa la tatu alikuwa akiningoja mimi nimwambie la kufanya.

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika moja.